Nilipofanywa chambo: kutoka Kalenga hadi Songwe

Naomba nianze na swali la jiografia. Uko Iringa, unataka kurudi Dar es Salaam. Je, utapitia Mbeya?

Mtoto wa darasa la nne mwenye ramani ukutani atakucheka. Ni sawa na mtu wa Morogoro anayekwenda Chalinze kwa kupitia Dodoma. Lakini mimi, na shahada yangu ya chuo kikuu na kitambulisho cha mwandishi wa habari shingoni, nilifanya hivyo hivyo. Jumapili tarehe 9 Juni 2024 niliondoka Kalenga, kijiji kilicho kama kilometa 15 nje ya mji wa Iringa, nikasafiri zaidi ya kilometa 350 kuipa Dar es Salaam mgongo, ili nikapande ndege Songwe inirudishe Dar es Salaam.

Kisa? Nilikuwa chambo.

Ngoja nieleze. Bibi yangu, mama mzaa baba, alikuwa na miaka 83. Anaishi peke yake Kalenga tangu babu afariki. Machi mwaka ule alianguka jikoni usiku. Alilala pale sakafuni mpaka asubuhi, mtoto wa jirani alipokuja kuomba moto ndiye akamkuta. Hakuvunjika, Mungu ni mwema, lakini wanawe hawakulala tena usingizi. Baba Mdogo, anayeishi Mbeya, akaamua: Mama anahamia kwangu. Shangazi akaunga mkono. Baba yangu angekuwa hai naye angesema hivyo, nadhani.

Tatizo likawa moja tu. Bibi alikwishasema haondoki Kalenga. Alisema hivyo Krismasi, akarudia Pasaka. Basi ikatafutwa njia. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili, na hilo ni kweli kabisa. Akaambiwa anakwenda Mbeya kutibiwa macho, wiki mbili, halafu anarudishwa. Akajibu atakwenda ikiwa mjukuu wake wa Dar atamsindikiza. Baba Mdogo akanipigia simu, akanikatia tiketi ya ndege ya kurudi ili niwahi kazini Jumatatu, na mwisho wa mazungumzo akasema: "Lile la kubaki huko, tutamwambia taratibu akishazoea. Wewe usilitaje."

Nikasema sawa, Baba Mdogo. Ndivyo tulivyolelewa.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Wanaoijua Iringa ya Juni wanajua baridi ninayoisema. Gari ni Noah ya Baba Mdogo. Yeye usukani, Shangazi mbele na chupa mbili za chai, mimi na Bibi nyuma, na nyuma yetu magunia mawili ya mahindi, ndoo ya maharage na begi lake dogo la nguo. Begi la wiki mbili.

Tulipopita karibu na makumbusho ya Mkwawa bado giza, Bibi akanishika mkono. "Mume wangu," akasema (ndivyo anavyoniita, kama bibi wengi wa kwetu), "siku walipomrudisha nilikuwapo."

Nilikuwa nimeisikia hadithi hii mara nyingi, ila si ndani ya gari linalomwondoa. Mtwa Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani. Wakamkata kichwa, fuvu likapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919, katika Mkataba wa Versailles, kikaandikwa kifungu cha 246 kikiitaka Ujerumani ilirudishe. Likachelewa mpaka Gavana Twining alipolitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, na mwaka 1954 akalikabidhi Kalenga kwa mjukuu wa marehemu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Bibi alikuwa binti wa miaka 13. Anasema hakuona fuvu wala gavana, aliona migongo ya watu. Lakini alisikia wazee wanaume wakilia, na hilo hakuwahi kulisikia kabla.

"Miaka hamsini na sita," akasema. "Lakini alirudi."

Shangazi akauliza nani anataka chai.

Tulipanda mjini kukiwa bado kumelala, tukateremka Ipogolo, tukakata kulia kushika barabara kuu ya Mbeya. Kukaanza kupambazuka. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, maana Bibi huona mwanga na kivuli tu, basi. Kila baada ya dakika chache anauliza: "Kuna nini sasa?" Na mimi natangaza, kama mtangazaji wa mpira redioni.

Kuna kibao cha Isimila, Bibi. Hatukushuka, lakini nilimweleza kwa kumbukumbu ya ziara ya shule: korongo lenye nguzo za udongo mrefu kama minara, nyingine zimevaa kofia za mawe, na chini yake zana za watu wa Zama za Mawe. Kuna mawe makubwa yamebebana kama mizigo ya wapagazi. Kuna mama anauza mkaa. Kuna trafiki ameshika tochi, Baba Mdogo amepunguza mwendo mpaka hamsini na ameweka sura ya mchungaji.

Bibi alicheka hapo. Nakumbuka kwa sababu hakucheka tena mpaka jioni.

Kuelekea Mafinga ukungu ulikuwa mzito, magari yamewasha taa. Kisha ukapasuka, na pande zote mbili ikasimama misitu ya misindano imepangwa kama gwaride. Hili ni eneo la Sao Hill, shamba la miti la Serikali kubwa kuliko yote nchini. Nikamwambia Bibi: miti, miti, miti, halafu lori la mbao, halafu miti. Akasema alipokuwa mwali hapa palikuwa majani matupu, unaona mtu anayekuja kabla hajakuona. Tukanywa chai Mafinga tumesimama, mvuke unatutoka midomoni. Kama ulipita JKT pale, unaijua baridi ile vizuri kuliko mimi.

Makambako aliomba tusimame. Upepo wa Makambako hauna adabu, unaingia mpaka mfukoni. Alitaka kuisikia reli. Babu alikuwa kibarua wa TAZARA miaka ya 1970, wakati Wachina na Watanzania wakiitandaza kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilometa 1,860. Bibi alikuwa akipanda malori kutoka Iringa kumletea ulezi na nguo safi. Tulisimama dakika ishirini. Hakuna treni iliyopita. "Ipo lakini?" akaniuliza. Nikamwambia ipo, Bibi, naiona kabisa, vyuma viwili vinakwenda mpaka vinakutana. Akaridhika, akarudi garini.

Nami ndipo kitu kikanichoma. Tangu alfajiri mwanamke huyu alikuwa anaamini kila neno ninalomwambia. Nikisema ukungu, ni ukungu. Nikisema reli, ni reli. Kila kilichokuwa nje ya dirisha nilimweleza kwa ukweli mpaka idadi ya mbuzi. Jambo lililokuwa ndani ya gari, linalomhusu yeye, nilikuwa nimelinyamazia kilometa mia mbili.

Kazini kwangu huwezi kufanya hivyo. Ukimnukuu mtu ambaye hajui kuwa anaandikwa, mhariri atakufokea mbele ya chumba kizima. Mtu lazima ajue yumo kwenye habari gani. Lakini nikajiambia hii si kazi, hii ni familia, kuna wakubwa. Ni kisingizio kizuri hicho. Nadhani wengi wetu tumewahi kukitumia.

Ukitoka Makambako barabara inaanza kuteremka, hewa inapata joto, masweta yanavuliwa. Baada ya Igawa unaingia bonde la Usangu. Kama hujawahi kupita pale mchana, panga siku upite. Kushoto ukuta wa milima ya Kipengere unakwenda nawe bila kuchoka. Kulia tambarare mpaka macho yanashindwa, mashamba ya mpunga, na Juni ni wakati wa mavuno: mirundo ya mpunga, maturubai, matrekta madogo yanayokokota tela, watoto juu ya magunia.

Baba Mdogo ni mtu wa siasa za mezani. Kuona Usangu kukamwamsha. Akaanza habari ya mwaka 2006, Serikali ilipoamuru wafugaji waondoke bondeni na ng'ombe wao. Hoja ilikuwa maji. Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka kila kiangazi tangu miaka ya 1990, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yanautegemea, na mwaka ule nchi ilikuwa kwenye mgawo mkali wa umeme. Watu wakaswaga mifugo, wengine mpaka Lindi. Mwaka 2008 sehemu kubwa ya ardhioevu ile ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

"Unaweza kuwa na sababu nzuri kabisa," Baba Mdogo akasema huku anapiga usukani, "lakini huwezi kuhamisha watu bila kuwashirikisha!"

Bibi, ambaye tulidhani amesinzia, akauliza: "Hawakuambiwa?"

"Waliambiwa waondoke tu, Mama. Amri."

"Afadhali," akasema Bibi. "Waliambiwa."

Jamani. Ndani ya Noah ile pakawa kimya kiasi kwamba nilisikia maharage yanacheza kwenye ndoo. Baba Mdogo akatazama kwenye kioo. Shangazi akaanza kupekua mkoba wake, anatafuta kitu ambacho nina hakika hakikuwamo.

Bibi akanigeukia. "Jana jogoo wangu hakuwika. Leo pia. Nani amepewa kuku zangu?"

Kuku walikuwa wamegawiwa kwa jirani Ijumaa. Mtu anayeondoka wiki mbili hagawi kuku, anamwomba mtu awatupie punje. Hilo hata mimi wa Dar nalijua.

"Wewe ndiye mwandishi wa magazeti," akasema. "Narudi lini?"

Wasomaji wangu, nimewahi kumwuliza waziri swali gumu akiwa amezungukwa na walinzi, wala moyo haukunidunda hivyo. Nikamwambia: "Bibi, hurudi. Wamepanga ubaki Mbeya moja kwa moja. Nililijua tangu mwanzo."

Baba Mdogo hakupiga kelele. Aliendesha mpaka Chimala, akaegesha gari karibu na pale inapoanza ile barabara maarufu ya kona 57 inayopanda Matamba kuelekea Kitulo, akazima injini, akashuka, akasimama ametupa mgongo. Baada ya muda akaja kufungua mlango wa nyuma, akachutama miguuni kwa mama yake. Mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye watu wanaomwita bosi.

"Mama, ulilala sakafuni usiku kucha. Ungekufa pale ningeambiwa nini?"

"Ungeambiwa mama yako amekufa kwake."

"Mimi sitaki kuambiwa hivyo."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimepanda gari lako. Lakini ulipaswa kuniuliza, nikukatalie, halafu tugombane. Mimi si gunia."

Shangazi alikuwa analia waziwazi. Mimi nilishuka nikanunua maji ambayo sikuyahitaji. Wauza mchele walitutazama kwa heshima, nadhani walifikiri tuna msiba.

Niliporudi walikuwa wameelewana, au tuseme Bibi alikuwa ameelewana nao. Akaniambia nitoe daftari langu. Nikaandika: Chimala, Jumapili, 9 Juni 2024. Moja, Bibi atatibiwa macho. Mbili, atakaa Mbeya mpaka mvua za kupanda zitakapoanza. Tatu, mvua zikianza atarudishwa Kalenga apande mahindi yake, na baada ya hapo ataulizwa, si kuamuliwa. Akanitaka nisome kwa sauti mara mbili. Kisha akaomba kalamu, akachora alama yake chini kwa kupapasa, nusu ikatoka nje ya karatasi.

Tulikuwa tumechelewa vibaya. Kutoka Igurusi kupanda Inyala malori yalikuwa yanatambaa nyuma ya semi iliyokufa mlimani, na pale si mahali pa kulipita lori kwa haraka, makaburi mengi yamechimbwa kwa haraka hiyo. Uyole tukakuta vumbi na mitambo ya upanuzi wa barabara. Chakula cha mchana kwa Mama Mdogo kikafutwa. Tukakatiza jiji zima, Sae, Mafiati, Iyunga, nami natangaza: kuna Mlima Loleza kulia Bibi, juu una mawingu, kuna bodaboda amebeba godoro na mke, kuna mteremko wa Iwambi, shika kiti. Tukavuka Mbalizi. Songwe tulifika saa kumi na robo, ndege ni saa kumi na moja. Uwanja huu ulianza kutumika mwaka 2012, kabla yake ndege ndogo zilitua uwanja wa zamani uliomo mjini. Umekaa peupe, upepo unapiga, milima kwa mbali.

Nilimwinamia Bibi dirishani kumuaga. Nikamwambia: "Haya Bibi, naenda nyumbani."

Hapo ndipo alipocheka mara ya pili. "Nyumbani wapi? Dar unakaa. Nyumbani umetoka asubuhi." Kisha akashusha sauti asisikie mwanawe: "Ungenyamaza mpaka mwisho ningekusamehe, mume wangu. Ila nisingekuuliza tena kuna nini nje."

Nilifika kwenye kaunta nikiwa mtu wa mwisho.

Sasa mwisho wa habari, maana najua mtauliza. Julai alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, likaona. Mvua za kwanza zilipodondoka Kalenga mwishoni mwa Novemba, Baba Mdogo alisema kwanza zitulie kidogo. Nilipiga picha ule ukurasa wa daftari nikamtumia kwa simu, bila neno. Alinijibu baada ya siku mbili: "Tumeondoka, tuko Igawa." Aliporudi Kalenga Bibi alipanda mahindi, na alipoulizwa akasema anabaki. Binti wa jirani analala naye, Shangazi huenda kila Jumamosi. Baba Mdogo na mimi tulikaa miezi bila kuzungumza vizuri, sasa tumerudi kwenye utani.

Je, nilifanya sawa? Sijui. Akianguka tena usiku na pasiwe na mtu wa kuja kuomba moto, najua ni nani atakayenyooshewa kidole, na mtu wa kwanza kukinyoosha nitakuwa mimi. Mapenzi ya Baba Mdogo kwa mama yake siyatilii shaka hata chembe. Ninachokijua ni kidogo tu: sisi wasomi tunapenda sana neno "kushirikisha" linapohusu Serikali na wananchi wake. Tukifika nyumbani tunawapakia wazee wetu nyuma ya gari pamoja na mahindi, tunawaonyesha mandhari.

Na wewe, mzee wako umemwuliza?